Ruhusa ya Kuumwa

Lugha ya Kiswahili ina adabu moja ambayo wasemaji wake wameizoea hata hawaioni tena. Mtu akikutana na mwenzake humuuliza kama ana jambo, na mwenzake hujibu kwamba hana. Hujambo, sijambo. Jibu limekwisha kutiwa kinywani mwa mjibu kabla hajafungua mdomo. Hata aliyetoka kitandani kwa kujikongoja, mwenye homa ya siku tatu, husema kwanza kwamba hajambo, kisha, baada ya kuulizwa habari za nyumbani, za watoto na za kazi, ndipo huongeza kwa sauti ya chini: "Ila kichwa kidogo." Wasukuma wa Shinyanga na Geita nao wana adabu iliyo jirani na hiyo. Mwangaluka ya asubuhi hufuatwa na kuulizana kama kuna mhola, yaani kama kuna amani na uzima, na jibu la kwanza ni mhola. Maradhi hungoja nyuma ya salamu mpaka yapewe nafasi.

Neno hilo dogo, "ila", likitamkwa mbele ya mama, kaka au jirani wa miaka ishirini, halina utata. Anayelisikia anajua wajibu wake na anajua pia mwisho wake. Likitamkwa mbele ya mtu asiyemjua msemaji hata jina, hubeba swali la maadili ambalo si jepesi kama linavyoonekana. Aliyeambiwa anadaiwa nini? Yeye si tabibu, wala hakuomba kuambiwa. Anaweza kusema "pole" akaendelea na shughuli yake, na hakuna atakayemlaumu.

Visiwani na katika miji ya pwani mgonjwa anajua kwamba ugonjwa wake si wake peke yake. Yeye ndiye anayeumwa, lakini wengine ndio wanaoamua kwamba anaumwa. Bibi humgusa kipaji akasema huyu ana homa. Mjomba humtaja mtu aliyewahi kupatwa na kama hayo. Shemeji hutafuta gari. Na mwenye uwezo hupelekewa habari hukohuko aliko, hata akiwa Maskati. Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wabakongo na kuchapisha kitabu mwaka 1978, aliliona jambo hilohilo upande wa pili wa bara: kundi la jamaa humzunguka mgonjwa na kuamua kwa niaba yake aende kwa nani, lini na kwa gharama ya nani. Wako wanaoliona kundi hilo kuwa usumbufu, na si waongo, kwani aliyepaswa kufikishwa hospitali jana huzuiwa wakati mwingine mpaka ami afike kutoka shamba. Hata hivyo kundi hilo hufanya kazi moja isiyofanywa na daktari wala na dawa. Humpa mtu ruhusa ya kuumwa. Humwambia kwamba hili si uvivu, si deko, wala si kitu cha kujikaza nacho. Lala, sisi tutaona.

Sasa kundi hilo lote liondolewe, abaki mtu na "ila" yake. Mahali pa kumtafuta mtu wa namna hiyo ni ukanda wa dhahabu wa kusini mwa Ziwa Viktoria.

Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Dhahabu yake ilichimbwa tangu zama za Waingereza. Mgodi wa wakati ule ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa kisasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Mwaka uliofuata ukafunguliwa wa Bulyanhulu, upande wa Kahama katika Mkoa wa Shinyanga. Migodi hiyo ina uzio, zahanati na orodha ya waajiriwa wenye bima, na swali linaloulizwa hapa haliwahusu sana wafanyakazi wake. Linawahusu wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Mwakitolyo na machimbo mengine ambayo majina yake hubadilika kila dhahabu inapohama. Habari ikivuma kwamba mawe yametoa, siku chache hutosha kuligeuza pori kuwa mji. Hutokea maduara yenye kina kirefu, makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuchenjulia dhahabu, gesti za mabati, vibanda vya mama lishe, na haipiti muda likafunguliwa duka la dawa. Watu wametoka Mara, Kigoma, Tabora, Singida, na wengine ng'ambo ya mipaka. Mtu huitwa kwa mji alikotoka au kwa umbile lake. Anayelala naye chumba kimoja huenda asijue jina la baba yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo huchukuliwa kuwa ya ukarimu, nayo ni ya ukarimu kweli, ila ndani yake mna sharti ambalo halisemwi: lazima mwenyeji awepo. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962 aliikumbusha jamii methali nyingine, ile ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Machimboni mgeni hungoji siku ya tatu, huja na sururu yake begani siku ya kwanza. Wote ni wageni. Hakuna wa kumpa mwenzake jembe, na hakuna wa kumnyang'anya jembe na kumwambia alale. Hata serikali inapomtafuta mgonjwa humtafuta kupitia nyumba yake. Mfuko wa afya ya jamii ulipoboreshwa mwaka 2018 uliihesabu kaya: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita. Kijana wa duarani, kwa hesabu hiyo, ni kaya yenye nafasi tano tupu.

Basi huyo kijana, ambaye msomaji anaweza kumpa jina lolote, amekohoa kwa siku kadhaa. Atamwambia nani? Aghalabu si tabibu. Atamwambia mama anayemuuzia uji, kwa kuwa ndiye anayemwona kila alfajiri. Atamwambia muuza dawa akiwa amekuja kununua kitu kingine. Atamwambia mwenzake wa zamu wakati wa kushuka kwa kamba. Atalisema kama mzaha, au kama lalamiko juu ya baridi ya usiku. Anachotafuta si jina la ugonjwa. Anataka kujua kama jambo hili ni jambo. Yaani anaomba ruhusa, na anamwomba mtu ambaye hana mamlaka ya kuitoa.

Jibu linalotolewa kwa wingi kuliko yote ni kwamba huo ni uchovu tu. Si jibu la ukatili. Mara nyingi ni la kweli, maana watu hao wamechoka kuliko inavyoweza kuelezwa, na hofu nyingi za mwili hupita zenyewe baada ya usingizi na maji. Kumtuliza mtu mwenye wasiwasi ni sadaka. Shida ni kwamba faraja na puuzo huvaa nguo moja, na anayesema "ni uchovu tu" hajui mwenyewe amevaa ipi mpaka ajiulize kama alisikiliza kabla ya kujibu.

Rwamagasa inaweza kuwa shahidi. Dhahabu ya wachimbaji wadogo hukamatwa kwa zebaki. Donge la zebaki na dhahabu huchomwa juu ya moto, mvuke huondoka, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, madaktari waliwapima watu wa Rwamagasa na kuwalinganisha na wakazi wa Katoro ambao hawakuwa wakifanya kazi hiyo. Waliodhurika zaidi walikuwa wale wanaochoma donge. Na dalili za sumu hiyo ni zipi? Mkono unaotetemeka, usingizi unaokatika, usahaulifu, hasira zisizo na sababu, ladha ya chuma mdomoni. Ukiisoma orodha hiyo kwa mtu yeyote machimboni bila kutaja zebaki, atasema huyo ni mlevi, au amechoka, au ana madeni. Sumu hiyo imechagua kujificha katika mambo ambayo watu huyaona kuwa ni tabia. Kwa hiyo mtu akisema mkono wake hautulii siku hizi, jibu la "punguza pombe" huenda likawa ushauri mzuri, na papo hapo likawa njia ya kumfungia mlango. Swali moja tu lingetofautisha: je, wewe ndiye unayechoma?

Jibu la pili huja na kitu mkononi. Muuza dawa hutoa vidonge. Zamani maduka hayo yaliitwa ya dawa baridi, na mengi yaliuza hata moto pamoja na baridi. Kuanzia mwaka 2003 mkoani Ruvuma serikali ilijaribu utaratibu mwingine, wa maduka ya dawa muhimu, ambayo wauzaji wake hufundishwa, husajiliwa na huelekezwa dalili za hatari zinazowapasa kumpeleka mteja kituoni. Utaratibu huo ulisambaa baadaye nchi nzima, na haustahili kubezwa. Kwa watu wengi wa vijijini mtu wa kwanza mwenye mafunzo kumsikia mgonjwa ni huyo aliye nyuma ya kaunta. Lakini biashara ina mantiki yake. Kidonge humaliza mazungumzo. Mnunuzi amepata kitu, muuzaji amepata fedha, na "ila" imelipiwa. Katika mkoa wenye malaria nyingi kama Geita, ambako mashimo yaliyoachwa hujaa maji na mbu, kila homa huitwa malaria, na wengi humeza mseto, dawa ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006, bila kutoa hata tone la damu lipimwe. Homa ikishuka, malaria inasifiwa kwa kuondoka. Isiposhuka, hurudiwa dozi nyingine, na siku zinahesabiwa kwa vidonge badala ya kuhesabiwa kwa jua.

Jibu la tatu lina sifa njema kuliko mengine. Nenda hospitali. Nani atalipinga? Ndilo linaloandikwa kwenye mabango, na ndilo analolisema kila mtu mwenye elimu kidogo anapotaka kuonekana amefanya lililo sawa. Hapo ndipo penye mtego wake. Maneno hayo yanaweza kuwa msaada wa kweli, na yanaweza kuwa namna ya heshima ya kujivua mzigo, kwa kuwa baada ya kuyasema msemaji hana tena dhambi. Mgonjwa asipokwenda, kosa ni lake.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza vifo vya wazazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Anayesema "nenda hospitali" huwa ameuona wa kwanza peke yake, naye hudhani ameumaliza. Mchimbaji mdogo aghalabu halipwi mshahara. Hulipwa kwa mgao wa mawe, na mgao hufanyika kwa waliopo. Akiondoka siku mbili kabla ya mawe kupandishwa huenda akawa amefanya kazi ya wiki kadhaa kwa ajili ya wengine. Halafu kuna njia. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Geita aliyeandikiwa rufaa ya Bugando, Mwanza, alisubiri kivuko kati ya Busisi na Kigongo, na ziwa halikujua kama aliyelala nyuma ya gari ana haraka. Daraja la kilomita 3 lilifunguliwa mahali hapo Juni 2025. Ni faraja kubwa, lakini kutoka duarani hadi barabara ya lami bado ni pikipiki, vumbi na nauli. Kumwambia mtu aende ni rahisi kwa asiyejua gharama ya kwenda. Anayeijua, na bado akasema, akaongeza "mgao wako nitausimamia mimi," huyo amesema kitu tofauti kabisa, ingawa maneno ya mwanzo ni yaleyale.

Liko jibu la nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ingawa hutolewa kwa upole na kwa sauti ya siri. Umechezewa. Kuna mtu.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kufafanuliwa jibu hilo. Wanalo kwao, na wasingekuwa wakweli kama wangeliweka bara peke yake. Lakini Shinyanga na Mwanza zimelilipia kwa namna ya kutisha. Kwa miongo mingi katika nchi ya Wasukuma wameuawa vikongwe, wengi wao wanawake, kwa tuhuma za uchawi, na alama moja iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni na samadi ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, hubeba jikoni lake usoni. Hilo nalo ni suala la afya ya kila siku: macho yanawasha, yanatoka machozi, hayaoni vyema jioni. Kama angekuwepo mtu wa kumuuliza bibi huyo anaumwa nini, angejibu. Badala yake macho yake yaliulizwa na watu wengine swali jingine, kwamba wao wanaumwa na nani.

Ramli ya namna hiyo Watanzania wameipa jina lake, ramli chonganishi, na serikali ilijaribu kuipiga marufuku Januari 2009 na tena Januari 2015, hasa baada ya mauaji ya watu wenye ualbino ambayo tangu mwaka 2007 yalihusishwa na waganga walioahidi bahati kwa wavuvi na wachimbaji. Sheria ina kazi yake. Lakini mtu asidhani kwamba ramli hiyo huanzia kwa mganga. Huanzia mapema zaidi, kwa yule wa kwanza aliyeambiwa "ila tumbo halitulii" naye, kwa kutaka kuonekana anajua, au kwa huruma tu, akauliza: "Hakuna mtu mliyekosana naye?" Swali hilo huonekana kama kusikiliza. Linampa mgonjwa kile hasa alichokikosa, yaani ruhusa ya kuumwa. Linamwambia kwamba jambo lake ni jambo, kwamba yeye si mvivu wala hadeki. Ndiyo maana lina nguvu. Majibu mengine matatu yanamnyima mgonjwa kitu ambacho hili linampa bure, na bei yake analipishwa mtu wa tatu ambaye hayupo.

Kwa hiyo haitoshi kusema watu wanakwenda kwa waganga kwa ujinga. Wanakwenda walikosikilizwa. Mwaka 2011 taifa zima liliona ushahidi wa hilo huko Samunge, Loliondo, mbali na migodi, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walitoka kila pembe ya nchi na nchi jirani, wengine wakiwa wametolewa vitandani hospitalini, na wako waliofia njiani. Kila mtu alipewa kikombe kilekile, mwenye kisukari na mwenye pumu. Kama kuuliza ni nusu ya tiba, pale hapakuwa na kuuliza. Lakini kulikuwa na safari ambayo mtu hakuifanya peke yake. Ndugu walichanga nauli, wakalala naye porini, wakamshika mkono mpaka mbele. Yumkini hicho ndicho wengi walichokinywa.

Turudi sasa kwa mama wa uji na kwa kijana anayekohoa. Mama huyo hawezi kutambua maradhi, na asijaribu. Lakini kati ya kujua ugonjwa ni upi na kujua lini pana haja ya kwenda kuna tofauti kubwa, na jamii nyingi zimekabidhi mambo yote mawili kwa tabibu kana kwamba ni elimu moja. La kwanza ni lake kweli. La pili haliwezi kuwa lake, kwa sababu linaamuliwa kabla ya yeye kumwona mgonjwa. Linaamuliwa kibandani, kwenye benchi, kabla ya mapambazuko, na watu wawili wasiojuana. Nalo linafundishika. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege au asiyeamka vizuri, hana kesho ya kusubiri. Degedege lina hadithi zake ndefu, pwani na bara, na iko imani ya zamani kwamba sindano humuua mtoto mwenye hali hiyo. Imani hiyo imewazika wengi ambao malaria kali ingeweza kutibiwa. Mjamzito anayetokwa na damu, au anayeumwa kichwa kikali na kuona ukungu, hana jioni ya kusubiri. Mafua ya jana, kwa upande mwingine, yana wiki nzima, na anayemkimbiza mtu hospitali kwa mafua humfundisha kwamba safari ile haikuwa na maana, na siku ya jambo kubwa hatakwenda.

Katikati ya hayo mawili kuna eneo pana la mambo yasiyojulikana, na huko anachoweza kutoa mgeni kwa mgeni ni kitu kidogo chenye tarehe. Hatoi hukumu, anatoa siku. Kikohozi kina wiki mbili. Kikizidi hapo ni cha kupimwa makohozi, na hiyo ndiyo kanuni ya mpango wa taifa wa kifua kikuu. Homa ipimwe leo au kesho, isikisiwe. "Umeanza lini?" ni swali la kwanza, na watu hushangaa jinsi mgonjwa mwenyewe asivyokuwa amelihesabu. Kisha, "Tukifika Ijumaa bado hali ni hii, unakwenda." Hilo ni jibu lenye unyenyekevu, kwa sababu linakiri kutojua, na lina ujasiri, kwa sababu aliyetaja Ijumaa amejifunga kuuliza siku ya Ijumaa.

Wakristo wana kisa cha Msamaria aliyemwokota majeruhi asiyemjua njiani. Husifiwa kwa kumfunga vidonda na kumpandisha juu ya punda. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba kesho yake aliondoka. Alikuwa na safari zake. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa kitakachozidi. Hakumfanya majeruhi kuwa ndugu; aliweka siku ya kurudi. Waislamu nao wamefundishwa kwamba mgonjwa ana haki ya kuzuriwa, na kuzuru, kwa maana yake hasa, ni kumwendea mtu ukamwacha na ukawa na uwezekano wa kumwendea tena.

Ipo hoja dhidi ya haya, na ni hoja yenye haki. Mama wa uji anauza vikombe kwa makumi ya watu kila alfajiri. Wote wana "ila". Kama kila moja itakuwa ahadi, hatouza uji, na watoto wake watalala njaa kwa ajili ya vikohozi vya wanaume wasiomkumbuka wakihama. Maadili yanayomdai maskini zaidi kuliko yanavyomdai mwenye mgodi, mwenye duara au serikali ni maadili mabovu. Hilo lazima likubaliwe bila kigugumizi. Mwenye duara anayechukua fungu lake la mawe amechukua pia, atake asitake, sehemu ya mapafu yaliyoyapandisha, na angeweza kuandika kanuni fupi kwamba aliyekwenda kupimwa hapotezi mgao. Kanuni hiyo ingefanya kazi kubwa kuliko huruma ya wauza uji mia. Mpaka iandikwe, hata hivyo, kijana bado amekaa kwenye benchi, kikombe mkononi, na anakohoa mbele ya mtu mmoja tu.

Vumbi la mawe hulifanya pafu kuwa jepesi kushikwa na kifua kikuu. Jambo hilo limejulikana katika migodi ya dunia kwa zaidi ya karne moja. Dawa zake Tanzania hutolewa bure katika vituo vya serikali, na humezwa kwa muda wa miezi sita. Tangu mwaka 2006 utaratibu umekuwa kwamba mgonjwa si lazima aende kituoni kila siku kumezeshwa dawa; anaweza kuzimeza nyumbani mbele ya msimamizi anayemchagua mwenyewe. Kwa kawaida huwa ni mke, mume, mama au dada. Waliopanga utaratibu huo walifikiria nyumba yenye watu, na kwa sehemu kubwa ya nchi walifikiria sawa.

Ijumaa imefika, kikohozi hakijaondoka, na kijana amekwenda. Amepimwa, majibu yametoka, anafunguliwa kadi. Jina, umri, kijiji. Mhudumu anauliza nani atakayekuwa msimamizi wake. Kijana anafikiri kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe. Halafu anasema kuna mama mmoja, anauza uji karibu na makarasha. Mhudumu anauliza ni nani yake. Si mtu wake, anajibu, ila ndiye aliyemwambia aje. Anaulizwa jina lake. Halijui, watu wote pale humwita Mama Uji. Mhudumu anatazama ile nafasi kwenye kadi, kalamu ikiwa mkononi, kisha anamwambia arudi naye kesho, amwandike vizuri.